Mbegu za Mti wa Jukwaa

Shemeji yangu Bonaventura anaogopa kupanda juu ya mti. Simsengenyi, nimemwambia usoni mara nyingi. Mtu mzima, tumbo limetangulia, akipanda hata ngazi ya kanisa anapumzika katikati. Na huyo ndiye muuza mbegu za miti wa kijiji chetu, huku juu ya Tlawi, na watu wenye akili zao timamu wanatoka hata Bashay kumfuata.

Kuna mgrevilea mmoja, mti wa mbao, karibu na kilabu cha pombe, mfupi, umegawanyika mara tatu kuanzia kiunoni, umeinama upande wa kilabu utadhani na wenyewe unasubiri kumiminiwa. Bonaventura akisimama juu ya kigoda anayafikia matawi yake yote. Basi huo ndio mama wa miti yetu. Na kwa kuwa mbegu ya mgrevilea ikikomaa inapasua kifuko chake na kupeperuka na upepo, yeye hangoji ikomae. Anavuna ikiwa kijani, anachanganya na majani na takataka, anafunga kwenye nailoni na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: MBEGU BORA. Ukimuuliza zimetoka wapi, anakwambia Arusha. Arusha yenyewe hajafika tangu alipopelekwa hospitali kung'olewa jino.

Lakini wanaonichefua zaidi ni wanunuzi. Mwanamume wa huku kwetu akitaka kupandisha ng'ombe wake, atatembea kwa miguu mpaka kijiji cha Daudi kumwangalia mama wa dume. Atamkagua chuchu, kwato, mgongo, atauliza bibi yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani. Atarudi nyumbani akafikiri, ndipo aseme ndiyo. Mwanamume huyo huyo, kwa mti utakaosimama shambani hata baada ya yeye kuzikwa, anauziwa mbuzi kwenye gunia na Bonaventura, anashukuru, anaenda zake. Na mti ukitokea kunyooka, wanaukata mbao. Ukipinda, wanauacha, nao unazaa. Halafu wanakaa kilabuni wanashangaa miti ya siku hizi imepatwa na nini. Imepatwa na nyinyi, wapumbavu nyie!

Uliokuwa umebaki mnyoofu ni mmoja tu, wa kwetu. Mama mkwe wangu aliupanda nyuma ya zizi, ukapanda juu bila tawi mpaka ukaupita mlingoti wa shule. Nami nilikuwa nasubiri mbegu zake kwa ajili ya binti yangu Jenifa.

Jenifa alikuwa ameolewa kule bondeni, upande wa Hanang. Mumewe akamrudisha na watoto wawili na mfuko wa nguo, eti hamtaki tena. Alipofika, baba yake, mume wangu Tluway, akamwonyesha kona ya mteremko ambayo hakuna mtu alikuwa analima, akamwambia aitumie. Kutumia siyo kupewa. Kwetu binti hagawiwi shamba, kila mtu anajua. Lakini kila mtu anajua pia kwamba aliyepanda miti ikashika, kipande kile hakuna wa kumtoa. Mahindi yanavunwa na kusahaulika, mti unasimama kuwa shahidi. Jenifa alihitaji miti yake isimame kwenye kona ile, basi, apate mahali ambapo mwanamume mwingine hawezi kumwambia kesho ondoka.

Mwaka wa kwanza alipanda mbegu za Bonaventura. Zilizoota zinahesabika kwa vidole, na nyingine zilikuwa magugu. Kaka yake mkubwa, Marko, ambaye ana shamba la kumtosha na bado macho yake hayashibi, akaanza kulalamika kwamba kona imelala bure. Tluway akatoa hukumu, tukiwa tumekaa tunakula: "Masika yakija yakikuta kona haina miti, Marko aingize ng'ombe alime."

Kwa hiyo tulikuwa tunaungojea mti wa mama mkwe. Kila asubuhi nikitoka kukamua nilikuwa nauinulia macho. Vifuko vilikuwa vimejaa juu kule, bado kijani.

Ndipo ikaja habari ya mradi. Watu fulani wa kutunza miteremko walikuwa wanakuja kuzindua kampeni ya kupanda miti. Kupanda miti Septemba! Kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope, na wao wanakuja kupanda miti. Kamati ya kijiji haikuona ajabu yoyote. Iliona jambo moja tu, kwamba mgeni rasmi hawezi kusimama chini kama mbuzi, lazima kuwe na jukwaa. Na jukwaa linataka mbao. Na mume wangu, ambaye kwenye kamati hajawahi kuchangia hata wazo, akanyanyua mkono akatoa mti.

Mti mnyoofu wa mwisho, ukatwe ili mtu asimame juu yake na kutuambia tupande miti. Nilipoambiwa nilicheka kwanza. Nilidhani ni utani.

Nikamkuta Tluway anakoleza tumbaku yake nje.

"Baba Marko, mti ule una mbegu. Subirini zikomae."

"Si zipo? Nimeziona, zimejaa."

"Ni mbichi. Pasua moja uone, ndani ni laini, nyeupe, ina majimaji. Mbegu ya kijani haioti. Ngoja vifuko vigeuke kahawia tuchume, baada ya hapo kata hata na mizizi, sitakuuliza."

Akaniangalia. "Kwa hiyo ya kijani haioti kabisa?"

"Haioti."

"Hata ukiimwagilia?"

"Hata ukiimwagilia kwa maziwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nimekuelewa, Mama Marko. Tutasubiri."

Nami nikafurahi, jamani! Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona mtu yule akiuliza jambo mara mbili. Nikasema moyoni, kumbe na jiwe hulainika.

Nikaenda Daudi kwenye msiba wa shangazi yangu. Niliporudi, kabla sijafika hata kwa jirani, nikaona anga mahali ambapo hapakuwa na anga.

Mti ulikuwa chini. Watu wa msumeno wa mashine walishapasua shina na kuondoka, na mbao mbichi zimepangwa, zinanuka utomvu. Kwenye matawi yaliyoanguka alikuwepo nani? Bonaventura. Amepiga magoti, ameleta magunia, anachuma kwa mikono miwili. Maskini, mti wa kwanza mrefu maishani mwake, na umemfuata mwenyewe chini.

"Shikamoo shemeji," akasema, jasho linamtoka. "Pole na msiba."

"Unachuma nini hapo?"

"Mbegu za mti mnyoofu. Safari hii sitasema za Arusha. Nitasema ukweli, za mti wa Tluway. Watu watagombania!"

Nikaokota kifuko, nikakipasua mbele ya macho yake. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa ya mgando, kikapondeka chini ya kucha. Nikampaka kwenye shati. Huyu bwana amesema uongo maisha yake yote juu ya mbegu zake, na siku anayosema ukweli, mbegu zimekufa.

Jenifa alikuwa amekaa pembeni, mtoto mdogo mgongoni, ameweka vifuko kwenye upande wa kanga. "Mama, labda za juu kabisa zilizokuwa juani zimewahi kukomaa," akaniambia. Nilitaka kulia. Badala yake nikasonya, nikaingia jikoni nikawasha moto kwa hasira mpaka ugali ukaungua.

Tluway alipokuja akasema kamati ilimharakisha. Kamati! Wanaume wazima waliokosa subira ya mwezi mmoja.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mbao mbichi zilishaanza kujikunja kwa jua, jukwaa limebinuka, na mgeni rasmi alipopanda likalia kwaa mpaka akashika bega la mwenyekiti. Akahutubia. Mti ni uhai, mti ni mvua, ukikata mti panda miti. Tukapiga makofi. Akapanda mche mmoja vumbini, wakaupigia picha, mche wa Bonaventura, una vichwa viwili tangu utotoni. Nikamwambia jirani yangu Fransiska, "Umefanana na mama yake wa kilabuni." Fransiska akajifunika kanga asionekane anacheka.

Kisha Bonaventura akagawa vipakiti vya mbegu za mti wetu. Hapo hapo Tluway akaomba kusema neno. Akapanda jukwaani na koti lake la Krismasi.

"Watu wanasema Tluway anamnyima binti yake," akaanza. "Leo, mbele ya mgeni rasmi, nasema hivi. Hizi ni mbegu za mti aliopanda marehemu mama yangu. Nampa Jenifa. Azipande kwenye kona ya mteremko. Miti itakayotokana na mbegu hizi ikisimama pale, kona ni ya Jenifa na watoto wake, na ndugu zake wasiiguse. Lakini iwe ya mbegu hizi! Sitaki miti ya kuokota barabarani kwenye ardhi ya mama yangu."

Vigelegele! Mgeni rasmi akatoa leso. Jenifa akaenda mbele, akapiga magoti, akapokea pakiti kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. "Asante baba. Asante baba." Hakuna mwanamume aliyewahi kumpa kitu mbele za watu, zaidi ya kumfukuza.

Mimi sikupiga kigelegele. Maana kabla ya hotuba ile, mti wowote ungetosha. Jenifa angeweza kupanda mringaringa, mkaratusi, hata mgrevilea wa kilabuni, kona ingekuwa yake. Baada ya hotuba ni mti mmoja tu unaohesabika, na huo umeshakuwa ubao chini ya viatu vya mgeni. Bado nikajiambia, Paskalina, mumeo ni mjinga tu, usimpe akili asizokuwa nazo.

Jioni nilikwenda zizini na ndoo. Marko alikuwa ndani na baba yake, amenuna.

"Baba, umeigawa kona mbele ya kijiji kizima?"

"Nimegawa nini?" Tluway akajibu, na nikasikia anacheka. "Muulize mama yako. Mbegu ya kijani haioti, hata uimwagilie kwa maziwa. Masika yakianza wewe leta jembe."

Marko naye akacheka. Wanacheka, baba na mwana, wamemshika ndama masikio.

Sikuingia. Ingekuwa siku nyingine ningemvisha ile ndoo kichwani. Lakini nilijua atasema nini: nimemnyima nini, si nimempa mbele ya watu? Na kijiji kingesema, ndiyo, amempa, mnataka nini tena. Kijiji hiki kinasikia makofi tu. Nikasimama nje ya zizi na chuki yangu. Mwizi ninaweza kumwelewa, ana njaa. Huyu alikuwa ameshiba, akachukua maneno yangu mwenyewe kumfungia binti yake mlango, kisha akaagiza ashukuriwe kwa magoti.

Halafu nikafikiri tena ile hotuba, neno kwa neno, na ndipo na mimi nikacheka.

Nilimwambia Tluway wifi yangu wa Bashay anaumwa. Wifi yangu haumwi hata mafua. Nikaenda Bashay kwa mumewe, kaka yangu Xavery. Kule chini kwenye joto kidogo kuna migrevilea minyoofu mstari mzima kwenye mpaka, na mbegu zake hukomaa mapema kuliko za kwetu. Vifuko vilikuwa kahawia, vimeanza kufunguka midomo. Tukatandika mashuka chini asubuhi upepo haujaamka. Xavery akapanda, ana umri wangu na magoti yake hayalii, akatikisa tawi baada ya tawi, kila mti kidogo kidogo, siyo mmoja tu. Mbegu zikaja zenyewe, kavu, nyepesi, za rangi ya udongo. Hakuuliza za nini. Mtu mwenye heshima zake haulizi.

Jenifa alikuwa ameshasia mbegu za baba yake kwenye tuta nyuma ya jiko, amelifunika na nyasi, anamwagilia asubuhi na jioni, anaimba. Jumapili nikasema kichwa kinaniuma, sitakwenda misa. Walipoondoka wote nikafunua nyasi. Zilikuwa zimeoza, zimeota ukungu. Nikazikwangua nikawatupia kuku, hata kuku wakazikataa. Nikasia za Bashay, nikafukia, nikarudisha nyasi zilivyokuwa, nikanawa mikono. Mungu anisamehe misa ile, ingawa nadhani alikuwa upande wangu.

Kijiji kizima kilisia vile vipakiti na kijiji kizima kikapata udongo mtupu. Bonaventura akawaambia hawajui kumwagilia. Nao wakamwamini! Wengine walimwomba pakiti nyingine.

Kwetu, asubuhi moja Jenifa akapiga kelele nikadhani nyoka. Tuta zima lilikuwa limeinua vichwa vya kijani, vimebanana hakuna pa kuweka kidole. Akakimbia akaita majirani, akamwita baba yake, akamvuta mkono.

"Baba, njoo uone! Zimeota zote!"

Tluway akasimama kando ya tuta. Marko nyuma yake. Fransiska na wengine wamezunguka, na Bonaventura amefika tayari kudai sifa. Mume wangu aliangalia miche, akaniangalia mimi, akaangalia miche. Kama angesema hizi siyo zile, watu wangeuliza, umejuaje? Na angejibu nini? Kwamba alijua zimekufa alipompa?

"Hizi... ni zile zile?" akauliza mwishowe.

"Ni zile ulizompa jukwaani, Baba Marko," nikasema kwa upole ambao sijawahi kuutumia. "Kwani wewe ulikuwa unategemea nini?"

"Mungu ni mkubwa," akasema.

"Kabisa," nikasema. "Na kijiji kizima kilisikia."

Masika yalipoanza tukaihamisha miche kwenye kona, mistari na mistari. Marko alipita na ng'ombe wake akaangalia pembeni. Miti imeshika, sasa inamzidi Jenifa kimo, na imenyooka kuanzia chini, kila mmoja.

Juzi tulikuwa tunapogoa matawi ya chini, mimi na Jenifa. Baba yake alipita barabarani, akampungia mkono, naye akaacha panga akasimama kumsalimia mpaka akapotea. Siku hizi anampelekea uji asubuhi. Anamfulia lile koti. Amemfundisha mtoto mkubwa kumwambia babu kila siku, asante kwa shamba letu.

"Yaani baba," akaniambia, anafuta jasho. "Kaka zangu walinikataa, mume wangu alinikataa, yeye peke yake akaniona mimi ni mtu." Nikajua linakuja jambo amekaa nalo siku nyingi. "Na wewe Mama, usikasirike. Wewe ulisema haziwezi kuota. Ulipasua mbegu ukasonya, ukaingia ndani. Kwako kila kitu ni kibovu na kila mtu ni mjinga. Kama ningekusikiliza wewe, leo nisingekuwa na pa kukaa."

Mimi sijawahi kukosa jibu, si kwa padri, si kwa mwenyekiti. Neno lilikuwa kwenye ulimi, fupi tu, Bashay, lingetosha. Nikamwangalia mwanangu amesimama katikati ya miti yake, uso umetulia namna ambayo sikuwahi kuuona tangu aliporudi na ule mfuko wa nguo.

"Kweli mwanangu," nikasema. "Nilikosea."

Nikainama nikaendelea kukata matawi.